Kumi na Nne

Walikuja ishirini na wawili kwa basi la klabu,
wakajaza fomu ukumbini, wakichunguliana
kama watoto wa chuoni siku ya mtihani.
"Umewahi kuzirai ukikimbia?" La.
"Kuna aliyekufa ghafla kwenu, bado kijana?" La.
La, la, la, mpaka chini, kama mwandiko wa mtu mmoja.

Fomu si kazi yangu.
Mimi napaka mafuta baridi kifuani,
nazima taa, natazama.

Nani alisema moyo ni kitu laini?
Miaka kumi na mmoja hapa Sib
nimeiona mioyo ikijifumba na kujifumbua
kama ngumi ya mtoto anayeota.
Wa mwanamichezo hunenepa, hiyo ni haki yake:
ukuta huongezeka kidogo kidogo
kila anapokimbia usiku, baada ya Isha,
joto likishuka, likishuka sana, thelathini na sita.
Lakini uko ukuta unaojijenga wenyewe,
bila fundi, bila ramani,
hadi siku unamporomokea mwenye nyumba
mbele ya watu, mchana kweupe,
gongo lingali mkononi.

Azzan bin Harub, mpira wa magongo, miaka kumi na tisa:
milimita kumi na nne.

Kumi na moja, ningemwambia, kacheze.
Kumi na nane, ningemwita daktari, tukafunga mlango.
Kumi na nne ni mtu aliyesimama kizingitini,
hapigi hodi, haondoki.

Nilipima. Nikapima. Nikafuta kioo, nikapima.

Daktari akasema: miezi mitatu, apumzike,
asikimbie hata kuwahi swala.
Ukuta ukipungua, ulikuwa wa mazoezi.
Usipopungua,
na hapo akaanza kutafuta kalamu iliyokuwa sikioni pake.
Azzan akacheka, kama mtu aliyeambiwa
asivute pumzi hadi Idi.

Kocha alinijia, uso umemchacha:
"Kijana huyu ana moyo mkubwa, ndiyo sifa yake!"
Ndiyo, kocha, mkubwa.
Hilo ndilo tunalozungumza.

Wiki ya pili alikuja na bibi yake,
Bi Zayana, aliyezaliwa Wete
na ambaye Maskati imemzeesha bila kumbadilisha ulimi.
Alinisikia nikihesabu kwa Kiswahili,
akavuta kiti, akasahau kwamba haruhusiwi kuingia.
"Mwanangu Nasoro," akasema, hajaulizwa, "alizama."
Baharini?
"Birikani, shambani, kule Ibra.
Maji yanafika hapa," akajigusa kifua,
"naye alikuwa samaki.
Akishindana na wenziwe, nani mwepesi.
Watu wakasema jicho. Nami nikasema jicho."
Alikuwa na umri gani, bibi?
"Ishirini na mbili. Kanzu yake ya Idi
ilikuwa bado kwa fundi."

Mashine ikaendelea kunguruma peke yake.
Nikaitoa ile fomu. Azzan akaitazama "la" yake.
Hakudanganya. Hakuna aliyemwambia.
Kwetu kifo cha ghafla hupewa kila jina
isipokuwa lake: jicho, maji, jua, siku zake zimefika.
Nami siku zake sizibishii, Mungu anisamehe,
nauliza tu zilipita njia gani.

Nikampa kalamu.
Aliandika polepole, kwa Kiarabu, jina la ami yake,
na mbele ya jina akaandika: birika.

Zimebaki siku kumi na tisa.
Gongo, anasema, limelala nyuma ya mlango wa jikoni,
mama yake analitumia kuangushia tende.
Sijui nitasoma nini siku hiyo.
Heri nusu shari, husema watu,
lakini hawasemi nusu nyingine
mtu wa miaka kumi na tisa aiweke wapi.

Leo asubuhi nimefungua mlango
nikamkuta Bi Zayana ameketi ukumbini
na wajukuu sita, kwa mpangilio wa urefu,
mdogo kabisa ana masharubu ya mtindi.
"Wote," akasema. "Na Harub mwenyewe yuko njiani,
anatafuta pa kuegesha gari."

Nimewasha mashine. Nimezima taa.
Haya, nani wa kwanza?